Mwaka Nilioishi na Bahari Isiyokupwa

Wewe, ushawahi kukaa mahali ambapo hata mbuzi hakuelewi? Unamwambia toka, anakaa anakutolea macho. Unamwambia njoo, anakwenda zake. Unabaki wewe na sauti yako, imekutoka mdomoni na haina pa kutua. Haya, mie nimekaa hapo mwaka mzima, msichana mbichi wa miaka kumi na saba, na mahali penyewe ukipaona utasema hii ndiyo pepo. Sikutanii! Wazungu wa hapa Toronto wanalipa kwenda kulala pale mchangani, wala hata si mchanga, ni vijiwe, wanajipaka mafuta kama kuku wa kuchoma, halafu wanarudi wekundu wamefurahi. Mie nilipelekwa bure na nikalia.

Nisikuache nyuma. Naitwa Mwantumu, kwetu Tanga walinifupisha wakaniita Tumu, na siku hizi nakaa Flemingdon Park kwa mwanangu Zaituni, ghorofa ya juu, dirishani unaona bonde lote na miti yake. Zaituni anatoka asubuhi kazini, mjukuu wangu Nasra anatoka kwenda chuo kikuu, mie nabaki na runinga. Zamani nilikuwa na mwenzangu, Bi Khadija wa ghorofa ya chini, Mungu amrehemu, mtu wa Lamu, yule tulikuwa tunaanza stori saa ya chai mpaka chai inapoa na wala hatujafika katikati. Kafariki baada ya mfungo. Tangu hapo mchana wangu umekuwa mrefu, mwenzangu, mrefu kama foleni ya kliniki. Basi nikajizoesha kupanda basi la kwenda Pape, nashuka, natembea taratibu mtaa ule wenye maduka ya Wagiriki, nanunua zaituni kidogo za kwenye chumvi, narudi. Zaituni mwanangu ananiuliza, "Mama, si ziko hapa chini dukani?" Namwambia za hapa hazina ladha. Mwongo mie! Naenda kusikiliza vibibi vya Kigiriki vikigombana na mwenye duka. Sielewi zaidi ya maneno machache, lakini ule mwimbo wa maneno yao naujua. Siku moja kijana wa dukani, kapanda ngazi anapanga makopo, akaniona nimezuia njia, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani, yaya." Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilikuwa na miaka mingi sijaitwa hivyo, na jina hilo niliwahi kunyang'anywa.

Ya ukoo wangu na nani kamzaa nani tuyaache, yatatuchelewesha. Jua hili tu: nilikuwa yaya wa mtoto mmoja wa Kigiriki, Eleni, kwenye nyumba ya shamba la mkonge. Nilimpokea hajaota jino. Nimembeba mgongoni kwa khanga, nimemwimbia, nimemlisha uji, mpaka akafika miaka minne, na lugha yake ilikuwa Kiswahili chetu kile kile cha Tanga, na matusi yake mawili matatu. Mama yake hakuwa na nafasi naye, baba yake alikuwa na mkonge wake. Halafu mashamba yakachukuliwa na serikali, baba akabaki kumalizia mambo yake, mama akaamua kumrudisha mtoto kwao Ugiriki, na mtoto akasema haendi bila Tumu. Alilala chini sebuleni akapiga mateke. Basi nikaambiwa ni mwaka mmoja tu, bwana akija utarudi. Tukapanda ndege, tukapanda meli, tukafika.

Sasa pale gatini ndipo palipoharibika kila kitu, na kosa lenyewe ni la neno moja, wala si la mtu. Bibi yake Eleni alikuwa amesimama anatungoja, kavaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, maana alikuwa mjane, na wajane wa kule eda yao haiishi. Hajawahi kumwona mjukuu wake hata siku moja. Akafungua mikono hivi, machozi yanamtoka, akaita, "Ela! Ela, yaya!" Mie nikasema moyoni, alaa, hatujaweka mizigo chini tushadaiwa hela? Kumbe ela kwao ni njoo. Na yaya, sikiliza sasa, yaya kwa Kigiriki ni bibi. Bibi mzaa mama! Yule mzee anamwambia mjukuu wake, njoo kwa bibi yako. Mtoto yeye anajua yaya mmoja tu duniani. Kageuka, kanikumbatia miguu, kajificha ndani ya khanga yangu. Mama yake akamsukuma, "Nenda kwa yaya! Yaya!" Mtoto akazidi kuning'ang'ania, analia, "Si huyu hapa!" Yule mzee mikono yake ilibaki wazi hewani, watu wote wa gatini wanatazama. Halafu akaishusha polepole, akajifuta na aproni kana kwamba alikuwa ameifungua kwa ajili ya kujifuta tu. Mie sasa hivi ni bibi, nina Nasra, na nikiikumbuka ile mikono nasikia uchungu ambao siku ile sikuusikia. Siku ile, nikwambie kweli? Nilifurahi. Nilijiona nimeshinda, ingawa sikujua nimeshinda nini.

Kijiji chenyewe kilikuwa kimekalia ghuba, mviringo kama mwezi mchanga, nyumba nyeupe zimepandana mlimani kama mbuzi. Maji! Wewe, maji yale yalikuwa hayana siri. Unasimama ndani mpaka kifuani na kucha za miguu unaziona. Buluu ya khanga mpya haijaingia majini. Upande wa kulia palikuwa na rasi yenye kanisa dogo jeupe kichwani mwake, na chini ya kanisa jiwe kubwa mfano wa ngamia aliyepiga magoti. Ukipita lile jiwe, kuna kijighuba kingine kidogo, kina pango, na maji ndani ya pango yanawaka kijani bila taa. Upande wa kushoto miti kama mivinje yetu, ila hiyo inatoka utomvu unanata vidoleni siku mbili, na chini yake harufu kama ya ubani. Jumapili wao wakienda kanisani mie nilikuwa na ruhusa yangu, nikawa natembea pwani yote hiyo, viatu mkononi, naipita moja moja. Nimeizunguka kuliko wenyeji. Na kila nilipoona kitu kizuri nageuka kumwambia mtu, "Ona!" Hamna mtu.

Cha kwanza kilichoniudhi ni bahari yenyewe. Mie mtoto wa pwani, najua bahari ina kazi zake, inajaa, inakupwa, maji yakipwa wanawake tunashuka na ndoo kutafuta chaza na kaa, tunapiga soga huko mwambani mpaka maji yakitufukuza. Basi siku ya tatu nikachukua ndoo, nikashuka, nikakaa juu ya kijiwe nangoja maji yapwe. Nikangoja. Adhuhuri ikapita. Maji yako pale pale. Nikasema labda leo si siku yake, nikarudi kesho. Yako pale pale! Watoto wa kijiji walinizunguka wananitazama, msichana mweusi na ndoo tupu, anaitazama bahari kwa hasira. Mmoja akaja akanisugua mkono kwa kidole aone kama rangi inatoka. Na mie nikamsugua wake. Tukacheka wote, lakini hapo nikajua nimekuja kwenye bahari isiyokupwa. Imejaa tu, siku zote imejaa, haikupi nafasi ya kuingia ukaona kilicho chini. Nikawaona na watu wake wako vivyo hivyo.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, kinanuka mafuta ya zaituni na sabuni, kina kitanda cha chuma na kidirisha sawa na sahani. Ukutani upande wa pili ndipo meza ya kulia ilipokuwa. Chakula chao sikukisema vibaya: mkate mgumu, maharage ya mchuzi mwekundu, na majani machungu wanayoyachuma mlimani wanayachemsha na kuyakamulia ndimu. Nilipoyaonja nikaruka, kumbe mchunga! Kama mchunga wa kwetu kabisa! Nikataka kusema, nikakosa wa kumwambia. Zaituni ndizo zilizonitia adabu. Jina lake nalijua tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ila tunda lenyewe sijawahi kuliona. Nikakuta mti umezaa vitunda vyeusi vinang'aa, nikasema zambarau hizo, Mungu kanikumbuka. Nikajaza kiganja, nikatia tatu mdomoni kwa pupa. Wewe! Mwarobaini una nafuu! Nilitema, nikasukutua kwa maji ya bahari, nikatema tena. Nilipokuja kuambiwa jina lake sikuamini. Na mwanangu nilipomzaa nikamwita hilo hilo. Watu wanadhani ni kwa ajili ya dini. Mie nilikumbuka ule uchungu na baadaye yake, maana zikikaa kwenye chumvi miezi unazipenda.

Na yule mzee mwanzoni hatukusemezana ila kwa kukosana. Asubuhi ya kwanza nimeshika yai nikamwonyesha, "Bibi, nikukaangie?" Akaitikia, "Ne." Nikamkaangia manne. Akayatazama yale mayai, akanitazama mie. Kesho yake, mkate? "Ne." Nikamkatia vipande vinne. Sukari kwenye kahawa? "Ne." Nikatia vijiko vinne! Siku ya nne ndiyo mama yake Eleni akaingia jikoni akanikuta nampangia mama yake viazi vinne, akanifokea kwa Kiswahili chake kile cha kutuma watu shambani, "Wewe jinga! Ne ni ndiyo!" Nikasema khaa, watu gani hawa, hesabu yao ndiyo kukubali kwao.

Ikawa usiku nikilala nasikia ukutani yule mzee na binti yake wanazozana. Sielewi, ila jina langu nalisikia linapita katikati yao kama kokwa la embe linalotupiwatupiwa. Tumu, halafu maneno. Tumu, halafu kijiko kinagonga sahani. Na yaya, yaya, yaya. Mtoto hakuwa anataka kwenda kwa bibi yake, hakuwa anajibu neno lake hata moja, anakuja jikoni kwangu kuniuliza, "Yaya Tumu, yule bibi mweusi anasema nini?" Maana nguo zake nyeusi. Mie eti ndiyo bibi mweupe! Nikawa namwambia sijui, njoo tukae, tunaimba zetu. Ndio nilikuwa naye yeye tu, wewe unafikiri? Kinywa changu chote kilikuwa kwa mtoto wa miaka minne.

Asubuhi moja mama yake akaniita uani. Nalikumbuka kila neno. Akasema, "Tumu, kutoka leo wewe hapana sema Kiswahili na mtoto. Mtoto nakwenda shule mwaka kesho, lazima jua lugha yake. Yeye nasema na mama yangu tu. Na wewe hapana yaya tena. Yaya ni mama yangu. Wewe Tumu." Nikasema, "Ndiyo, mama." Ningesema nini? Na ukitazama, alikuwa na haki yake. Lakini jamani! Kuna watu wengi wamekatazwa vitu, mie nilikatazwa lugha, na mtu pekee mwenye lugha hiyo ndiye ninayemlaza na kumwogesha kila siku. Ikawa namvisha mtoto nguo kimya. Namchana nywele kimya. Wiki za kwanza ananishika uso kwa mikono miwili, "Dada Tumu, umenikasirikia?" Natikisa kichwa tu. Halafu akaacha kuuliza.

Ndipo nilipoanza kuongea na bahari. Mchana kijiji kizima kinalala, milango imefungwa kama kuna msiba, mie nashuka kule kwenye jiwe la ngamia, nakaa, naongea. Kwa sauti! Naihadithia habari za Tanga, nani kaolewa, nani kaachika, bei ya nazi. Naitukana, "We nawe, huwezi kupwa hata siku moja ukampumzisha mtu?" Nikikohoa nasema pole, naitika ahsante mwenyewe. Baridi ilipoingia mvua ikanyesha pembeni pembeni kwa upepo, bado nashuka, nimejitanda blanketi, maana niliogopa. Niliogopa nikikaa kimya sana nitarudi kwetu sijui kusema. Usicheke, nilikuwa kuna asubuhi natafuta neno, kwa mfano lile la kukunia nazi, silipati mpaka jioni. Mbuzi! Nikaruka jikoni peke yangu, "Mbuzi! Mbuzi ya nazi!" kama mwehu.

Siku iliyonimaliza ilikuwa ya jua, baada ya mvua. Eleni alikuwa anacheza majini ameingia ndani mno, nikasahau agizo, nikaita, "Eleni! Njoo huku, mwanangu!" Akageuka. Akainua kidevu juu, akabofya ulimi, vile vile wanavyokataa watu wa kule, akasema, "Ohi." Hapana. Hakuwa na ubaya, alikuwa anacheza tu. Lakini alinijibu Kigiriki, na hakujua kama amenijibu Kigiriki. Niliingia na nguo zangu nikamtoa, nikamfuta, nikampeleka kwa bibi yake, nikaenda zangu pangoni. Nasra wangu huyu alipokuwa na miaka mitano sita alinifanyia hivyo hivyo, hapa hapa jikoni, namwuliza kwa Kiswahili ananijibu Kiingereza, Zaituni anacheka anasema, "Mama, si amekuelewa?" Kaelewa, ndiyo. Lakini mtu akikuelewa halafu akakujibu kutoka ng'ambo, umepata jibu na umebaki upande wako. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango, Zaituni hakujua kwa nini.

Sasa ngoja nikufurahishe, maana ilikuja siku ya pweza. Nimekaa jiweni nahadithia zangu, namwona yule mzee anashuka na aproni, pweza mkubwa mkononi, miguu inaning'inia. Kumbe na wao wanampiga jiweni! Sikujua. Akaanza kumpiga, pa, pa, lakini mgongo wake mbovu, pigo moja anashika kiuno, pigo la pili anapumua. Nikamtazama nikashindwa kuvumilia. Nikamwendea, nikamnyang'anya pweza, nikakunja khanga, nikampiga kama nilivyomwona mama yangu akimpiga, unamtupa kwa kichwa, unamgeuza, halafu unamsugua jiweni mviringo mviringo mpaka atoe povu. Nilimpiga yule pweza kwa mambo mengi, ujue! Nilimpigia kunyamaza kwangu, nilimpigia zile zambarau za uwongo. Nilipomaliza kalainika kama khanga kuukuu. Yule mzee kanitolea macho, akagusa mguu wa pweza, akaanza kucheka. Anacheka huku anashika kiuno. Na mie nikacheka, tukakaa chini wote tunalia machozi ya kicheko, hatuna hata neno moja la kuambizana.

Kesho yake saa ile ile ya kulala, akashuka tena. Kamshika Eleni mkono. Akakaa upande mmoja wa jiwe, akanionyesha nikae upande wa pili, mtoto akamweka katikati. Akamwambia mtoto maneno. Eleni akanitazama, mtoto wa watu, akakunja uso kama anatafuta kitu kilichozama, kisha akasema polepole kwa Kiswahili, "Dada Tumu, anasema... anakuonaga. Kwenye dirisha. Anasema wewe unaongea na bahari kila siku." Mie nikaona aibu mpaka masikio. Mzee akasema tena. Eleni akasema, "Anasema bahari imezoea, haisikilizi mtu. Anasema mwambie yeye." Nikauliza, "Nimwambie nini?" Mtoto akamwuliza, mzee akapandisha mabega. "Chochote, anasema. Unachoiambiaga bahari."

Basi nikaanza bei ya nazi! Ndiyo iliyonijia. Mtoto akageuza, mzee akauliza nazi ni nini, nikaeleza, yeye akaeleza zaituni zake, nikamweleza nilivyozila mbichi, akanipiga paja kwa kicheko. Ikawa kila mchana. Mama yake Eleni amelala, sisi watatu tuko jiweni, mtoto katikati anapokea huku anatoa kule, akikosa neno anatumia mikono. Mzee aliniambia habari za mumewe aliyekufa, na mie nikamwambia nilivyofurahi siku ile gatini mtoto aliponikumbatia mie. Eleni akamgeuzia yote, mtoto hana chujio. Mzee akamjibu. Mtoto akaniambia, "Anasema na yeye angefurahi." Halafu mzee akamwambia mtoto jambo, mtoto akashangaa, akaniambia, "Anasema nina yaya wawili. Mmoja wa kuanza na mmoja wa kumalizia." Ndipo niliporudishiwa jina langu, na aliyenirudishia ni yule yule niliyemnyang'anya bila kujua.

Bwana alikuja kiangazi kilipoanza, mwaka ukawa umekwisha, nikaambiwa funga mizigo. Nilikuwa nimeililia siku hiyo toka nilipofika, na ilipofika nikakaa kwenye kitanda changu cha chuma nakunja khanga ile ile moja, naikunjua. Gatini Eleni akaniuliza, "Yaya Tumu, sasa Kiswahili nitaongea na nani?" Bibi yake akauliza mtoto kasema nini, akageuziwa, akajipiga kifua, "Ego!" Mimi! Alikuwa anajua njoo, kula, lala, pweza, na tusi moja ambalo alidhani ni salamu, na mie sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Meli ikaondoka, namwona anapunga mkono anaipaza ile salamu yake kwa nguvu zote, na mie ndiye mtu pekee kwenye meli nzima aliyeelewa. Nilicheka na kulia kwa pamoja, watu wakasogea mbali nami. Baada ya hapo hamna habari. Kuandika mie sikuweza, na wao hawakujua pa kuniandikia.

Juzi sasa. Nasra kaja chumbani kwangu na simu, kafurahi, likizo yeye na wenzake wa chuo wanakwenda Ugiriki, ananionyesha mapicha ya pwani watakazozunguka. Napitisha kidole, miavuli, mahoteli, mara nikaona jiwe. Ngamia kapiga magoti. Kanisa juu yake. Nikasema, "Hapo!" Nasra akashtuka, "What, Bibi?" Nikamwambia, hapo nimekaa mwaka. Akaniambia kwa Kizungu chake, haiwezekani, hapo ni pa watu wa kwenye Instagram. Zaituni akaja na mwiko mkononi, naye hajui, sijawahi kumwambia, maana ningeanzia wapi? Nikawasimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe, chakula kikaungua. Nasra alikaa chini kando ya kitanda kakumbatia magoti, hakugusa simu. Nilipomaliza akasema, "So Eleni ana miaka sitini na kitu. Anaweza kuwa hapo hapo. Bibi, nitamtafuta!" Zaituni akasema, "Wee usimpe bibi yako matumaini, mtu mwenyewe labda keshasahau, alikuwa na miaka minne." Nasra akasema ataulizia kijiji kizima.

Walipokwenda kula mie nikabaki na lile neno la Zaituni. Keshasahau. Unajua, yule mzee lazima amekwishakufa zamani. Bi Khadija kafa, naye nilimhadithia nusu tu. Kama Eleni kasahau, basi ule mwaka hauna shahidi, niko nao mie peke yangu kama zamani kule pangoni. Na kama hajasahau hata neno moja, hata tusi, basi tuko wawili. Lakini nawajua watoto hawa. Wakiona mzee ana presha wanampaka asali: kakukumbuka, kalia, kakusalimia sana. Watamfanya bibi yao afurahi, na mie nitafurahia kitu ambacho hakipo. Nikamwita Nasra, nikamkalisha karibu. Nikamwambia, "Mwanangu, nenda ukamwone. Lakini akikutazama hivi hivi, hamjui Tumu, hajui Kiswahili, usinitungie. Uniambie." Akasema, "Bibi, utaumia." Nikasema, "Nitaumia kwa habari ya kweli, hiyo naiweza. Nilishaiweza zamani."

Huyu mtoto mwepesi wa maneno, lakini safari hii naona midomo yake inayapanga kwanza, moja moja, hataki kuyasema kwa lugha nyingine. Akanishika mkono akasema, "Bibi, kama yeye amesahau wewe, mimi nitasema amesahau. Sitadanganya. Halafu nitarudi nyumbani, na utaniambia mimi yote tena, mpaka na mimi najua kama wewe."